Wifi yangu anajifungua Njombe mwezi wa nne: nimfumie nini mtoto?

Shangazi wa Tabata (Dar es Salaam), 9 Februari

Jamani habari zenu. Naomba mawazo ya wenye uzoefu, maana nina wiki mbili sasa nakaa na uzi mapajani nauangalia tu.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Njombe mjini. Mkewe, wifi yangu, anatarajia kujifungua katikati ya mwezi wa nne. Ni mtoto wao wa kwanza, na kwetu ndiye mjukuu wa kwanza tangu mama yetu afariki. Ndiyo maana sitaki kununua kitu dukani. Mama ndiye aliyenifundisha kufuma. Sindano hatukuwa nazo, akakata spoku mbili za baiskeli mbovu ya baba, akazinoa ncha kwenye jiwe la mlangoni mpaka zikawa hazikwaruzi uzi. Kitambaa cha kwanza nilichofuma kwa spoku zile kilikuwa kigumu kama jamvi, kwa sababu spoku ni nyembamba na mimi nilikuwa nakaza. Mama alikitumia kushikia sufuria miaka na miaka.

Nilichonacho: madonge matano ya uzi wa rangi ya maziwa, kila donge gramu 50, nimenunua Kariakoo. Hayana lebo, muuzaji aliniambia ni sufu. Sindano ni za milimita 4. Muda ni wiki tisa, jioni tu na Jumapili baada ya ibada.

Ninawaza vitu vitatu: blanketi, shali, au seti ya sweta, kofia na soksi.

Ninachoogopa ni kurudia kosa. Miaka mitatu iliyopita nilimfumia mtoto wa rafiki yangu sweta la kuvalia kichwani. Kifua nilipima, mikono nilipima, shingo sikuipima. Siku ya kumvisha likakwama masikioni. Mtoto yuko gizani ndani ya sweta analia, mama yake anavuta chini, mimi natanua kola kwa vidole viwili. Tulipomtoa uso ulikuwa mwekundu na nywele zimelowa jasho. Sweta lilikunjwa likarudishwa kwenye mfuko, na sijaliona tena. Nisingependa wifi yangu anishukuru kwa mdomo tu.

---

Mama Makambako, 9 Februari

Hongereni kwa mgeni mnayemtarajia, na pole kwa mama. Nimelea wanne huku huku kwenye baridi, na masweta ya kuuza nayafuma tangu 1998, kwa hiyo nitakuambia nilichokiona kwa macho.

Kabla ya kuchagua kitu, hesabu miezi. Mtoto wa katikati ya Aprili, Julai inamkuta ana miezi mitatu. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai ndiyo miezi ya kutetemeka. Wewe unafikiria siku ya kuzaliwa, wakati siku hiyo mtoto atakuwa na nguo za kutosha. Kila atakayekwenda kumwona mzazi atabeba seti ndogo ya kofia, soksi na kasweta kadogo. Baada ya wiki sita vyote vimembana, na baridi ndiyo kwanza inaingia. Mfumie mtoto wa Julai.

La pili ndilo ambalo wafumaji wa Dar hamlifikirii, msinielewe vibaya. Jiulize mtoto huyo Julai atakuwa wapi mchana kutwa. Atakuwa mgongoni. Shingo ikishakaza kidogo tu, mama anamfunga mbeleko anakwenda sokoni, anakwenda kisimani, anapika. Sasa mwangalie mtoto wa mgongoni. Kifua kiko kwenye mgongo wa mama, kina joto. Tumbo hivyo hivyo. Juu kuna kitenge na pengine blanketi. Kinachobaki nje ni kichwa na miguu. Akikunjwa magoti kwenye mbeleko, suruali inapanda mpaka gotini, soksi fupi inateleza, na muundi unabaki wazi kwenye upepo. Nimekutana na watoto asubuhi, juu wamevikwa masweta mawili, na miguu ni ya baridi kama samaki aliyetoka mtoni.

Kwa hiyo, mwanangu, soksi ndefu za kupita goti. Hakuna anayezileta kama zawadi, na ndizo zinazovaliwa kila siku iendayo kwa Mungu. Zifume nne zinazofanana kabisa, wala usizihesabu kama jozi mbili. Mguu wa mgongoni huvua soksi, na mama hajui mpaka afike nyumbani. Zikiwa nne za aina moja, ikidondoka moja hujapoteza jozi.

Sweta pia fuma, lakini vifungo usiviweke katikati ya kifua. Mtoto akibanwa na mbeleko kwa saa mbili, ukimvua unakuta alama za duara zimejipanga toka shingoni mpaka kitovuni. Mimi nilizikuta kwa binti yangu wa kwanza, na sweta nilikuwa nimelifuma mwenyewe. Weka ufunguzi begani, upande mmoja, vifungo vitatu bapa. Hapo na tatizo lako la shingo limekwisha, kwa sababu bega linafunguka lote.

Blanketi achana nalo. Gramu 250 hazifikishi blanketi la maana, litakuomba 350 au 400. Halafu blanketi ndicho kitu ambacho mama mkwe wa mdogo wako atanunua.

---

Fundi Masweta, Mbeya, 10 Februari

Nakubaliana na mama hapo juu kuhusu miguu. Mimi kazi yangu ni masweta ya shule, nafuma kwa mashine Mwanjelwa, ila uzi ni uzi.

Dada, hilo la "muuzaji aliniambia ni sufu" lithibitishe kwanza. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibanio, kipeleke kwenye moto wa kiberiti juu ya sahani. Sufu inaungua kwa shida, inanuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake ukiyabonyeza yanasagika. Pamba inawaka haraka na kunuka karatasi. Akriliki, yaani uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, inayeyuka, inadondoka, na ikipoa inabaki punje ngumu nyeusi isiyovunjika kwa vidole. Uzi mwingi usio na lebo ni akriliki. Si uzi mbaya, unafulika vizuri na hausinyai. Ubaya wake ni moto: cheche ikirukia sufu inajizima, ikirukia akriliki inayeyuka na kunata. Kwenye nyumba yenye jiko la mkaa hilo ni jambo la kujua.

Ukitaka sufu ya kweli bila gharama kubwa, nenda kwenye mtumba. Masweta ya wakubwa ya sufu yanakuja mengi na lebo zake. Ila kabla hujalipa ligeuze ndani uangalie ubavuni. Ukiona mshono umepigwa ovaloki (ule wa mashine unaozungushia uzi ukingo uliokatwa), liache, kitambaa kilikatwa kwa mkasi, ukifumua utapata vipande vipande. Ukiona kingo mbili nzima zimeunganishwa kwa mshono wa kawaida, hilo linafumuka mstari hadi mstari kama lilivyofumwa. Angalia pia lisiwe limeshaganda kwa kufuliwa na maji ya moto. Lililoganda halifumuki.

Uzi uliofumuliwa unakuwa umejikunja kama tambi. Uzungushie nyuma ya kiti, ufunge sehemu nne kwa kipande cha uzi mwingine, uloweke maji ya vuguvugu, kisha utundike na kitu kizito kidogo chini. Ukikauka umenyooka.

---

Nyanya wa Limuru (Kenya), 10 Februari

Habari zenu huko. Mimi niko Limuru, baridi ya Julai nayo tunaijua, na zaidi tunajua manyunyu. Nguo inaweza kukaa kwenye kamba siku tatu na bado ukiishika ina unyevu. Kwa hivyo yule mama wa soksi nne amesema ukweli, hata bila ya kupotea: mbili ziko mguuni, mbili ziko kwenye kamba.

Nina neno moja tu kuhusu sufu. Nilimfumia mjukuu wangu shali ya sufu, miezi miwili ya kazi, yenye pindo la majani. Binti yangu akarudi kazini, msichana anayemsaidia akailoweka kwenye maji moto na sabuni ya unga pamoja na nepi, akaisugua vizuri kwa nia njema. Ilitoka ukubwa wa leso, nene kama kofia ya zamani. Yule msichana alilia, na mimi nililia. Kosa lilikuwa langu, sikumwambia mtu yeyote jinsi ya kuifua.

Basi ukituma kitu cha sufu, tuma na maneno: maji baridi, sabuni kidogo ya mche, kubonyeza bila kusugua wala kusokota, kisha ilazwe juu ya taulo. Na uliyeandika ujue ni nani atakayefua. Mpigie simu huyo mwenyewe.

---

Mkunga Mstaafu, 11 Februari

Nimefurahi kuona mnazungumzia soksi. Niongeze ya upande wangu, kwa kuwa nguo ya kufuma ina hatari ambazo nguo ya kukata haina.

Soksi igeuzwe ndani nje kabla ya kutumwa. Ncha za uzi zizikwe kabisa kwenye mfumo, na palipoungwa pasiwe na uzi unaoning'inia. Uzi mmoja tu uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu, ukakaza, na mtoto akalia usiku kucha bila watu kujua analilia nini. Nimewahi kukata uzi wa namna hiyo kwa ncha ya mkasi. Kidole kilikuwa kimevimba na kubadilika rangi, kilipona, lakini nilitetemeka. Glavu za kufuma ndiyo kabisa, usimfumie.

Mapambo ya matundu matundu yasiwe makubwa kuliko ncha ya kidole cha mtoto. Kusiwe na utepe wa kufunga shingoni. Kifungo kishonwe kwa uzi wa kushonea, si kwa uzi wa kufumia, na ukivute kwa nguvu zako zote kabla hujakiamini.

Kofia ni nzuri nje na mgongoni. Mtoto aliyetimiza miezi yake, akilala ndani na mama chini ya blanketi, avuliwe kofia, kwa sababu mtoto anapoza mwili kwa kichwa. Wazazi wetu hupima joto kwa kushika viganja, wakikuta vya baridi wanaongeza nguo. Viganja vya mtoto huwa vya baridi hata akiwa salama. Gusa kifuani au nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, punguza nguo moja.

Ila mtoto akizaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 mambo ni mengine. Huyo mara nyingi hulelewa kwa njia ya kangaruu, kifua kwa kifua na mama, amevaa nepi, kofia na soksi tu. Hapo kofia ndogo laini ni sehemu ya matibabu. Kwa hiyo, Shangazi, pamoja na yote ya Julai, fuma kakofia kamoja kadogo, ukatume pamoja na vingine. Mtoto akija na kilo zake tatu, kakofia hako kapelekwe wodi ya wazazi iliyo karibu, katapokewa kwa mikono miwili.

Na jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala kilichofungwa madirisha, hata baridi iwe ya namna gani. Hiyo haihusu uzi, lakini siwezi kuandika habari za Njombe na Julai nikaiacha.

---

Shangazi wa Tabata, 12 Februari

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili kwa sauti nikimsomea mume wangu. Ahsanteni mno.

Uzi nimeuchoma jana usiku jikoni. Umeyeyuka, umebaki punje nyeusi. Ni akriliki. Nimesikitika kidogo, ila sasa najua ninachokishika.

Mama Makambako, naomba vipimo. Nimefuma kipande cha kujaribia, vitanzi 20 vinanipa sentimita 10. Na hizo soksi ndefu unazitia kisigino? Mimi visigino vinanishinda.

---

Mama Makambako, 12 Februari

Kisigino usitie. Mguu wa mtoto unakua kila wiki, kisigino ulichokiweka Aprili kitakuwa katikati ya unyayo Julai. Fuma mrija mnyoofu, vitanzi viwili mbele viwili nyuma, mstari mzima, ili uvutike. Kwa mkono wako anza na vitanzi 32. Mlegezee vitanzi vya kuanzia, anzia kwa sindano mbili zilizoshikwa pamoja kisha uchomoe moja. Soksi inayoacha mchirizi kwenye paja haifai. Fuma sentimita 26, punguza vitanzi kwenye ncha, kaza, shona ubavuni mshono bapa, na mshono huo ukae nyuma ya mguu. Mwaka mzima itamfaa, itakuwa inashuka tu kadiri anavyorefuka.

Sweta: mzunguko wa kifua sentimita 50, yaani vitanzi 50 mgongoni na 50 mbele. Ni kubwa kuliko kifua chake, lakini ndani atavaa nguo nyingine. Urefu toka begani 27. Mkono toka kwapani 16, na ongeza 4 za kukunja. Kichwa cha mtoto wa miezi mitatu kina mzunguko wa karibu sentimita 40. Kabla hujashona bega la pili, chukua utepe wa karatasi ngumu wa sentimita 40, ufunge duara, uupitishe shingoni. Ukipita bila kuvuta, na mtoto atapita.

Akriliki yako itoshe sweta, gramu 150 hivi. Soksi tafuta sufu. Mtoto akijikojolea, mkojo unashuka miguuni, na sufu hata ikilowa kidogo bado inashika joto.

---

Shangazi wa Tabata, 30 Machi

Nimeona si vizuri kunyamaza baada ya kusaidiwa.

Nilipata sweta la kiume la sufu, kijani ya majani ya mgomba, kwenye mtumba wa Ilala, ubavu wake haukuwa na ovaloki. Nimelifumua Jumapili mbili, mtoto wangu wa darasa la tano amenishikia uzi mikononi. Soksi nne zimekwisha. Sweta la rangi ya maziwa limebaki mkono mmoja. Duara la sentimita 40 limepita shingoni, nimelipitisha mara kumi bila sababu, nafurahi tu kuliona linapita.

Kakofia kadogo kapo pia, vitanzi 60.

Wifi nimempigia. Anayefua ni yeye mwenyewe, amesema ataandika "maji baridi" kwenye ndoo.

---

Shangazi wa Tabata, 11 Julai

Ni msichana. Alizaliwa tarehe 19 Aprili, kilo 3.1, wamempa jina la mama yetu. Kakofia kadogo wifi alikaacha wodini siku ile ile anatoka, bila mimi kumkumbusha.

Leo amenitumia picha. Mtoto yuko mgongoni, kitenge cha bluu, na soksi mbili za kijani zimejitokeza huku na huku kiunoni kwa mama yake, zimepanda mpaka juu ya goti. Asubuhi wameamka nyasi zikiwa nyeupe kwa ukungu, anasema, na miguu ilikuwa ya moto.

Soksi moja imedondoka njia ya sokoni wiki iliyopita, wamerudi kuitafuta hawakuiona. Zimebaki tatu. Uzi wa kijani nilibakiza donge dogo, nimeupima kwenye mizani ya jirani, gramu 18. Mama Makambako, soksi moja inaingia hapo?

---

Mama Makambako, 11 Julai

Inaingia. Anza usiku huu, na safari hii fuma sentimita 28.